Msiba wa Mlimani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyua za kufagia na vyungu vya kuinjika, walikaa bondeni kando ya mto. Mto ule ulikuwa umebadilika. Kila masika ulipanda zaidi, ukala mihogo, ukala majiko.

Digidigi, mdogo kuliko wote, akawaambia, "Jamani, tuhamie mlimani. Mvua hizi si zile tulizozizoea."

"Tuhame?" Nyati akafoka. "Makaburi ya wazee wetu tumwachie nani? Chura?"

"Ha! Ha! Ha!" akacheka Ngiri. "Miguu kama njiti, hata tope linamtisha!"

Digidigi akarudi kwake. Alijua hawatahama kwa ajili ya maji. Lakini alijua pia kwamba bondeni hakuna aliyewahi kukosa kwenda kwenye maziko ya mwenzake.

Asubuhi moja mawingu yakatanda, meusi tii. Digidigi akatoka mbio, pu-pu-pu-pu, kanga kichwani.

"Uwiii! Tumefiwa! Msiba uko mlimani!"

"Masikini! Nani tena?" Nyati akauliza.

"Kaka, hata sijui niseme vipi. Twendeni na watoto, tutalala matanga. Mengine mtayasikia hukohuko."

Nyati akabeba kuni, Ngiri akabeba sufuria. Bonde zima likapanda mlima.

Alibaki mmoja tu, mama yake Digidigi, mjane aliyekuwa amekaa eda. Digidigi akaingia akihema.

"Mama, hakuna msiba. Ni mto. Toka!"

"Nitoke, eda haijaisha? Nimwaibishe baba yako kaburini?"

"Mama, nakuomba!"

"Nenda na wanao. Nifungie mlango."

Digidigi akamvuta. Mama akashikilia nguzo. Nje watoto wakalia. Digidigi akaenda, mlango hakuufunga.

Kule juu wakakuta nyasi tu.

"Maiti iko wapi?" Nyati akanguruma. "Umetudanganya! Unachezea vifo?"

Kabla Digidigi hajajibu, chini kukavuma, guuuu! Maji yakaja yamebeba miti mizima. Wakatazama mapaa yao yakizama, moja baada ya jingine, hadi lile la mjane.

Mwishowe Ngiri akajikohoza. "Dada... umetuokoa."

"Washeni moto," Digidigi akasema. "Msiba sasa upo. Ni wa mama."

Ndiyo hivyo, wanangu: mila zetu tuzishike, lakini tukumbuke kwamba mto hauzijui.