Sinema ya Kulala Chali

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wengi huitumia methali hii kama fimbo ya kumchapia mtu anayejipa kazi ya kuyahukumu maisha ya mwenzake: nyamaza wewe, hujalala hapa. Kweli, inachapa vizuri. Lakini ina upande wake wa upole pia. Anayempenda mtu hana budi kulala pale anapolala yule mtu, walau kwa dakika chache. Fundi mmoja wa dari aliujua upande huo akiwa amechelewa kidogo, na si vibaya tukimcheka, maana hata yeye hujicheka.

Fundi huyo alikuwa hodari. Dari alizozitengeneza katika nyumba za watu zilikuwa laini kama shavu la mtoto. Kwake aliishi na mkewe, msusi aliyewasuka wateja barazani. Alikuwapo pia binti yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzimia. Na mama mzazi wa fundi mwenyewe. Mama huyu alikuwa mkata tiketi wa jumba la sinema tangu ujana wake. Miaka yote hiyo alisimama mlangoni na tochi yake, akiwaonyesha watu viti na kuwanyamazisha wapiga soga. Filamu alizijua vipande vipande. Hakuna hata moja aliyoitazama toka mwanzo hadi mwisho. "Siku nikistaafu," alizoea kusema, "nitakaa kiti cha katikati." Jumba likafungwa kabla hajastaafu.

Kisha akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Daktari aliagiza alale chali, bila mto, mpaka mfupa uunge. Chakula akawa anakidonoa tu, na maneno yakamwisha. Mwanawe aliumia sana moyoni. Akaapa kwamba mama atapata sinema yake humu humu ndani, na nyumba nzima ikajibana mpaka ikapatikana fedha ya projekta ya bei nafuu. Moja tu.

Dukani waliziona mbili. Moja ilikuwa ya kukaa mahali pamoja: kubwa, yenye mwanga mkali, ya kufungwa darini na kubaki huko. Nyingine ilikuwa ya kubebeka: ndogo kama nusu tofali, yenye betri yake, lakini mwanga wake hafifu, inataka chumba chenye giza na ukuta wa karibu.

"Mimi naipenda hii ndogo," alisema msusi. "Itamfuata mama chumbani."

"Mke wangu, hii si projekta, ni kurunzi! Mama amefanya kazi kwenye sinema ya kweli, leo nimwekee picha ya ukubwa wa leso? Tutambeba hadi sebuleni, tumlaze kwenye kochi, aone picha ukuta mzima."

"Umemuuliza?"

"Zawadi haiulizwi. Na mambo ya dari niachie mimi."

Wakanunua ile kubwa. Fundi alitoboa dari ya sebule kwa mbwembwe, akaifunga projekta, akashuka ngazi akijisifu. Jioni ile walimbeba mama juu ya godoro lake, fundi upande wa kichwa, msusi upande wa miguu, na Redio akiwa mbele anatangaza njia: "Kona! Mlango! Taratibu jamani!" Picha ilipowaka, ilijaza ukuta kweli.

"Unaonaje, mama?"

"Nzuri sana, mwanangu. Mungu akubariki."

Alisema hivyo akiwa amefumba macho na jasho likimtoka. Fundi alidhani ni furaha. Jioni ya pili mama alisema ana usingizi. Iliyofuata akasema, "Leo hapana." Baadaye hawakumuuliza tena, wakawa wanatazama wenyewe, na fundi akaanza kununa kichinichini. Aliona zawadi yake imedharauliwa.

Hapo ndipo mama alipomwita mkwewe chumbani. "Mwanangu, kesho nikitoka kwa daktari, gari linipeleke moja kwa moja kwa mdogo wangu. Nitakaa huko. Hapa nimekuwa mzigo, na hata mzigo una haya zake."

Fundi alipoambiwa, alisimama kama aliyemwagiwa maji. Mama yake aihame nyumba yake? Kwa kosa gani? Lakini neno la mama ni neno la mama. Asubuhi msusi aliondoka na mgonjwa katika gari la jirani, na fundi akabaki na kazi moja: kukifungua kitanda ili kimfuate mwenyewe.

Alikaa ukingoni, bisibisi mkononi, mikono imegoma. Mwisho akajinyoosha. Akalala chali, bila mto, vile vile kama daktari alivyoagiza.

Sebuleni Redio alikuwa amewasha vichekesho. Watu wa kwenye picha walicheka, naye akacheka. Fundi akageuza kichwa aone kulikoni. Akaona fremu ya mlango. Akajaribu kuutazama ukuta wa miguuni; shingo ikamuuma upesi. Kilichobaki kutazamwa kilikuwa juu yake, na alipokitazama, alitamani kujificha. Dari ile aliiweka yeye, haraka haraka, kwa kuwa ya nyumbani inaweza kungoja. Kiungo cha vipande viwili vya dari hakikuzibwa. Msumari ulichungulia. Doa la maji lilitambaa kutoka kona hadi katikati. Mama yake alikuwa anaitazama kutwa kucha kazi yake mbaya kuliko zote, huku akisikiliza vicheko vya upande wa pili.

"Redio! Njoo! Hivi sisi tukicheka, bibi yako husema nini?"

"Huuliza, 'Wamecheka nini?' Nikimweleza, kichekesho kinakuwa kimeshapoa."

"Na siku ile tulipombeba?"

"Aliuma shuka, baba. Aliumia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema Redio imeanza matangazo."

Fundi alifunika uso kwa viganja, akalia pale pale kitandani bila kumwonea haya mwanawe. Kisha akainuka, akapanda ngazi, akaishusha projekta na kuirudisha dukani. Muuzaji alinung'unika, akaigeuzageuza, mwishowe akambadilishia ile ndogo. Foleni ya kliniki kwa bahati ilikuwa ndefu. Fundi aliziba kiungo, akapigilia msumari, akaipaka dari rangi nyeupe, kisha akampigia mkewe simu: "Mrudishe mama nyumbani kwanza. Mwambie kitanda kimegoma kufunguka."

"Nilisema moja kwa moja," mama alilalamika alipolazwa mahali pake.

"Jioni moja tu, mama yangu. Ukiona vibaya, nitakupeleka mwenyewe."

Dirisha likafunikwa blanketi. Projekta ikawekwa juu ya kigoda, jicho likielekea juu, na dari nyeupe ikajaa watu.

Fundi alifungua mdomo ajisifu, akajizuia. "Unaonaje, mama? Niambie kweli."

Mama akaikazia macho dari. "Kweli? Watu wako wanatembea kwa vichwa."

Kutoka aliposimama fundi, watu walikuwa wima kabisa. Safari hii hakubisha. Alipanda kitandani polepole, akalala, kichwa chake kikiwa kando ya kichwa cha mama, akatazama. Akacheka mpaka kitanda kikalia. Akashuka, akageuza kigoda. Msusi na Redio wakatandika mikeka sakafuni, wakalala chali nao.

"Huyu mwenye kofia ndiye atakaye..." alianza Redio.

"Kimya huko mbele!" Sauti ilitoka kitandani, kali, ile ya mlangoni mwa sinema. "Wenzenu wamekata tiketi!"

Wakacheka wote, pamoja, chumba kimoja. Mama aliitazama filamu ile tangu jina la kwanza hadi la mwisho.

"Sasa mama, kesho nikupeleke kwa mama mdogo?" fundi aliuliza.

"Mwambie aje yeye. Ila soga aache kwake." Kisha akaushika mkono wa mwanawe. "Leo nimekaa kiti cha katikati."

Tundu la sebuleni lipo hadi leo. Msusi huwaonyesha wateja wake na kusema kwamba ndiyo dari pekee aliyoiharibu mumewe. Fundi naye kwa makusudi hajaliziba. Siku hizi, kabla hajaanza kazi katika nyumba ya mtu, huuliza nani hulala wapi, kisha hujilaza sakafuni na kutazama juu. Wenye nyumba wakimshangaa, huwajibu kwa sentensi moja tu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.