Nani Aliyemrusha Bwana Desi?

Sogeeni karibu. Anayetafuna muwa atafune taratibu, maana kisa hiki ni chetu sisi watu wa Bonde la Kilombero, na kila nikikisimulia kifua hunijaa.

Pale Ifakara walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Fulgensi Mponda alikuwa fundi wa miamvuli. Mpe kitambaa kilichochanika, atakurudishia ukitafute mshono usiuone. Otilia Matanji alikuwa mpepetaji wa mpunga pale mashineni. Upepo aliujua kuliko alivyowajua majirani zake, na majirani zake aliwajua sana! Wa tatu, Severini Komba, Mngoni aliyehamia kwetu zamani, kipaji chake kilikuwa mdomo. Sisi Wapogoro ni watani wake, na hakuna msiba ambao Severini hakutuchekesha huku machozi yanatutoka.

Akaja mtu wa nne, Mwingereza, Bwana Desmond Pargeter. Sisi tulimwita Bwana Desi. Huyo alikuwa mfanyabiashara asiyetulia. Ujanani aliuza viatu vya mvua kwa baiskeli, akafungua viwanda, akanunua ndege, akafilisika, akainuka tena. Wenzake wakitajirika hukaa wakastarehe. Yeye akitajirika hutafuta pa kuhatarishia shingo. Aliwahi kujaribu kuvuka bahari ya kwao kwa puto la hewa moto, likamwangusha majini, akaelea saa nne mpaka meli ikamwokota. Na bado akaja kwetu na puto lingine! Alitaka kuvuka bonde kutoka Ifakara hadi Lupiro, kisha afungue kampuni ya kurusha watalii papo hapo.

Kiswahili alikuwa amejifunza vizuri, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Alisimama sokoni akatangaza:

"Mtu atakayenirusha hadi Lupiro, jina lake nitaliandika kwenye puto kwa herufi kubwa kama mlango. Na kampuni itaitwa jina hilo hilo, hata mimi nikifa."

Watu walipiga makofi. Watatu wale hawakupiga, kila mmoja alikuwa anawaza lake. Fulgensi hakujaliwa mtoto, na jina la Mponda lilikuwa linaishia kwake. Otilia jina lake halijawahi kuandikwa popote ila kwenye magunia ya mpunga, tena kwa makosa. Severini yeye alitaka kitu kimoja tu: jina la Mngoni lipite juu ya vichwa vya Wapogoro kila asubuhi, na sisi tuinue shingo kulitazama.

Puto lilipofika, lilikuwa limechanika. Msumari wa bodi la lori uliacha mpasuko mrefu kuliko kitanda. Bwana Desi alishika kichwa.

"Fundi wa kitambaa hiki yuko Ulaya," alisema. "Tumekwisha."

Fulgensi alikisugua kitambaa kwa vidole, akakinusa. "Bwana, huu ni mwamvuli tu. Mwamvuli mkubwa usio na mpini."

Siku tatu alikaa sakafuni akishona kwa mkono, mshono juu ya mshono, mpaka vidole vikavimba. Alipomaliza, watu waliumwagia mshono ndoo nzima ya maji. Halikupita hata tone.

Basi Bwana Desi akapanga kupaa Jumatatu. Alikuwa na kifaa cha kupimia upepo, nacho kilimwambia twende. Otilia, ambaye ndiye aliyempa chumba na uji wa asubuhi, alitoka na ungo wake, akapeta konzi moja ya mpunga na kutazama makapi yanakokwenda.

"Leo huendi, mwanangu."

"Mama, kifaa kinasema—"

"Kifaa chako kimefika wiki iliyopita. Upepo huu unakupeleka kwenye matete, utashukia kwa viboko. Na viboko hawajui kwamba wewe ni mgeni wangu."

Jumanne akasema hapana. Jumatano hapana tena, Bwana Desi akanuna hadi uji akaukataa. Alhamisi kulipopambazuka, makapi yakaelekea sawasawa upande wa Lupiro. Ulikuwa ule upepo mwembamba unaoshuka milima ya Udzungwa, ambao hukaa saa moja tu kisha hugeuka. Otilia akautupa ungo chini.

"Sasa! Washa moto wako!"

Puto likajaa, likasimama uwanjani, jekundu, zuri hadi vigelegele vikapigwa. Lakini Bwana Desi alisimama kando ya kikapu, mguu hauinuki. Ile bahari ilikuwa imemrudia. 

"Siwezi," akasema. "Nisameheni. Siwezi."

Na saa moja ya Otilia ilikuwa inayoyoma. Hapo tukasikia kilio. Severini huyo, kajifunga shuka jeupe, nyuma yake wanaume wawili na machela, analia kama mjane.

"Uwiii! Mpogoro wetu mweupe katutoka!"

"Mimi sijafa," akasema Bwana Desi.

"Maiti nyamaza! Nipeni kamba nimpime. Jamani, miguu gani hii? Kaburi lake litakula kiwanja chote cha mpira! Wapogoro, hata maiti yenu ni mvivu, haitaki kusafiri!"

Bwana Desi akatabasamu, kisha akacheka, kisha akaangua kicheko hadi akashika mbavu. Severini alipomkaribia na kamba, Mwingereza akaruka ndani ya kikapu kumkimbia.

"Nikuzike hapa au Lupiro?"

"Kanisubiri Lupiro!"

Akapaa. Ndugu zangu, nililia, wala sioni haya kusema. Mshono ulishika, upepo ulishika, na yule mtu alivuka mto na matete yote akicheka peke yake juu huko, mpaka akatua Lupiro shambani, watu wakamlaki kwa ngoma. Ifakara tulitembea vifua mbele mwezi mzima.

Puto likarudishwa Ifakara, rangi ikaletwa. Bwana Desi akasema, "Mmenirusha nyote. Nitaandika majina matatu."

Otilia akasimama. "Ulisema 'atakayenirusha', hukusema 'watakaonirusha'. Kiswahili unakijua vizuri. Usije ukaturusha na sisi kwa maneno."

Watu wakacheka, Mwingereza akawa mwekundu.

"Basi ni mimi," akaendelea Otilia. "Kilichombeba ni upepo, na upepo niliuchagua mimi. Ningenyamaza Jumatatu, leo tungekuwa matangani kweli."

"Upepo gani ungebeba kitambaa kilichochanika?" akauliza Fulgensi.

Severini, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakutania. "Fulgensi, wewe ulirusha puto. Dada Otilia, wewe ulionyesha njia. Lakini ahadi haikusema puto. Ilisema 'atakayenirusha', yaani yeye mwenyewe, mtu. Mtu yule alikuwa amesimama chini, na aliyemtoa chini ni mimi."

Hapo Fulgensi akainamisha kichwa. "Nyinyi mna wana wa kuyabeba majina yenu," akasema polepole. "Langu likikosa pale, halitakuwepo tena popote."

 Wengine walifuta macho, lakini mzee mmoja akanong'ona kwamba Mwingereza aliahidi kumtuza aliyemrusha, hakuahidi kumtuza mwenye huzuni. Nusu wakamkemea, nusu wakamuunga mkono. Bwana Desi alichovya brashi, akapanda ngazi, akasimama mbele ya kitambaa, rangi inamdondokea viatuni. Kisha akatugeukia sisi, anangoja tumwambie.

Nami nawageukia nyinyi. Msiniambie "wote watatu", hilo Otilia ameshalikataa. Wewe hapo mwenye muwa, weka chini, shika brashi: unaandika jina la nani?