Kiti cha Mzee Shemhilu

Sogeeni, karibuni hapa. Na wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize, maana hadithi hii ni ya mahali ambapo ukimya ulimwokoa mtu. Haya. Midomo imefungwa? Sasa fungueni masikio.

Chini kabisa ya dunia kuna bara la barafu lisilo na mwenyeji. Hakuna ukoo unaosema kwetu ni kule. Pembezoni mwake barafu imetoka nchi kavu ikajitandaza juu ya bahari, pana kama wilaya nzima, na juu ya barafu hiyo, maji yakiwa chini, watu wanne walikuwa na nyumba ya mbao. Kazi yao ilikuwa kutoboa barafu na kuitoa vipande virefu kama miwa, kwa kuwa ndani yake mna hewa ya kale ambayo hata babu wa babu zenu hakuivuta.

Mkubwa wao alikuwa Mzee Shemhilu wa Lushoto, na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Chini yake walikuwa watatu.

Kidawa wa Pemba alikuwa na sikio. Mama yake alikuwa mkunga, akilaza sikio juu ya tumbo anasema mtoto amegeuka. Kidawa alilaza lake juu ya barafu, kwa bomba la shaba, akasema wapi imepasuka.

Ndesario wa Marangu alikuwa na mikono. Tangu ujana alibebea wageni mizigo mlimani, na fundo alilolifunga yeye halikumwangusha mtu.

Chausiku wa Tabora alikuwa na joto. Alikuwa mpishi, naye alijua kwamba aliyeganda harudishwi kwa moto mkali wala kwa kusuguliwa. Hurudishwa polepole, kama maziwa ya mtoto yanavyopashwa.

"Wewe ulikuwa uzaliwe jiko," Ndesario alimtania.

"Na wewe kamba ya mbuzi," akajibu Chausiku. "Ila mbuzi angekukata."

Sheria ya pale ilikuwa moja. Kutoka nyumbani hadi panapotua ndege palikuwa na bendera nyekundu, na watu walipita hapo mmoja nyuma ya mwingine, mguu ndani ya alama ya mguu. Kando ya bendera kulikuwa na nyufa zilizofunikwa na theluji nyembamba, kama shimo lililotandikwa mkeka.

Kiangazi kilipoisha, jua likiwa karibu kuzama lisirudi kwa miezi, ikaja ndege ndogo ya mwisho. Ilikuwa na viti viwili, cha rubani na cha Mzee, apelekwe hospitali. Rubani aliitwa Anselmo, Mmakonde wa Msumbiji. Akanywa chai, akasema, "Upepo unageuka. Nakwenda kupasha injini, kisha nikurudie, Mzee."

Mzee Shemhilu akainuka. "Nikusindikize."

"Kaa, baba. Kifua chako."

"Mgeni wangu atoke mlangoni peke yake kama mwizi?"

Nanyi mnajua adabu zetu. Mwenyeji hamfuati mgeni nyuma kama mtumwa, wala hamtangulii kama anayemfukuza. Hutembea naye bega kwa bega. Mzee akatembea bega kwa bega. Walipofika bendera ya saba, mguu wake wa kushoto ukatua nje. Theluji ikammeza bila hata kishindo.

Anselmo alipiga yowe. Wale watatu walipofika, upepo ulikuwa umeshaanza kuziba shimo. Wakateremsha kamba, ikarudi tupu. Wakaita, hawakuitikiwa. Ufa ulikuwa umekwenda upande, na Mzee ameteleza nao.

Kidawa akaliweka kando bomba, maana upepo ulikuwa unaimba ndani yake. Akavua kofia, akalaza sikio tupu juu ya barafu. "Nyamazeni," akasema. Akalala pale hadi machozi yakagandana na kope. Kwa mbali akasikia pete ya kidoleni mwa Mzee ikigonga barafu. "Hapa. Chimbeni hapa." Alipoinuka, sikio lilikuwa jeupe kama nta. Halikusikia tena.

Ndesario akashuka. Ufa ulikuwa mwembamba kama kaburi la mtoto, na glavu hazikuweza kupitisha kamba chini ya kwapa za mzee. Akazivua, akafunga fundo kwa mikono mitupu. Mzee akavutwa juu. Ndesario alipofuata, vidole vyake vinne vilikuwa vigumu kama vijiti. Havikufunga fundo tena.

Chausiku akampokea. Mzee hakuwa na kauli, mapigo yake yanakuja na kusahau. Chausiku akafungua koti, akaingia naye katika blanketi moja, kifua kwa kifua. "Aibu yangu niwekeeni pale mezani," akasema. "Nitaichukua nikimaliza." Kwa muda wa saa saba akakaa hivyo. Baridi ikamtoka Mzee ikaingia kwake, na Mzee alipoomba uji, Chausiku alishikwa na kikohozi ambacho hakikumwacha.

Mzee Shemhilu akanywa uji, akasema, "Mwenye kiti kile amefia ufani. Mimi ni mtu niliyeokolewa. Kiti ni cha aliyeniokoa."

"Nani huyo?" akauliza Anselmo. "Nina nafasi ya mmoja."

Kwanza walicheka. "Mpeni Chausiku," alisema Ndesario, "akapashe injini."

"Mpeni Kidawa," akajibu Chausiku. "Sikio limeganda, ulimi bado mrefu."

Walidhani atakayebaki atabaki na giza tu, na maharagwe.

Kidawa hakucheka. Chini ya mlio wa pete alikuwa amesikia kitu kingine. Akafikiri, nikinyamaza, wataendelea na mzaha huu mpaka mmoja anipe kiti kwa uungwana, nami nitakwenda. Aliionja fikra hiyo kama mtu anavyoonja mchuzi wa jirani. Kisha akasema.

"Nilisikia maji. Ufa umefika baharini. Barafu hii inakatika, na haitangoja jua lirudi."

"Una hakika, dada?" akauliza Ndesario.

"Sina hakika ya siku. Ya maji ninayo."

Ndege isingeweza kurudi gizani, na meli zote zilikuwa zimeikimbia bahari inayoganda. Nchi kavu ilikuwa mwendo wa siku kumi kupitia nyufa zisizo na bendera. Wakatazamana. Mzaha ukawa umekwisha, kila mmoja akasema lake.

"Nisingesikia," alisema Kidawa, "mngechimba theluji tupu."

"Nisingeshuka," alisema Ndesario, "ungekaa juu unamsikiliza akifa."

"Nisingemlalia," alisema Chausiku, "mngekuwa mmeopoa maiti."

Mzee akageukia ukuta. "Amueni nyinyi. Adabu zangu zimeshatuponza vya kutosha."

Ndege iliondoka na mtu mmoja, amepakata vifurushi vya waliobaki. Jua liliporudi, Anselmo akarudi nalo. Akazunguka juu mara tatu. Aliona bendera mbili, na baada ya bendera, bahari.

Bomba la shaba lilirithiwa na mtoto wa dada yake Kidawa, mkunga wa Wete. Kamba aliirithi kaka yake Ndesario, nayo haijafunga mzigo tangu siku hiyo. Mwiko aliurithi binti wa Chausiku, na anapikia. Pete ya Mzee wanayo wajukuu kule Lushoto, imebonyea upande mmoja.

Nani alivipakata vifurushi, najua. Sisemi, maana nikisema mtadhani aliyepanda ndiye aliyestahili. Ninyi mmekaa katika nyumba ile, Anselmo amesimama mlangoni, na jua limebaki kama ukucha.

Sikio, mikono, au joto? Je, wewe ungeamua vipi?