Kiboko Aliyefunikwa kwa Rangi

Mama mmoja alikuwa ameinama kwenye beseni, anafikicha shati la mumewe. Mikono ya shati ilikuwa na rangi ya bluu, ile rangi ya mafuta ambayo sabuni peke yake haiiwezi. Alishalipitishia mafuta ya taa, sasa anapambana na harufu. Mumewe alikuwa mchoraji, lakini si wa mabango ya saluni. Huyu alifunga begi akaenda kukaa mbele ya mlima, mbele ya maporomoko, mbele ya ziwa, akarudi na picha. Watu walizitundika sebuleni, na ukizitazama unahisi upepo.

Jirani akaingia uani bila hodi. Mnajua wenyewe, ndugu zangu, jirani asiyepiga hodi hajaja kuomba chumvi.

"Dada, wanao wako ndani?"

"Wako kwaya."

"Kwaya haikuwepo leo, mwalimu anaumwa. Nimewaona wote watatu wanashuka bonde la ziwani. Mkubwa kabeba kitu kipana kwapani, kimefungwa kwa kanga ya njano. Nikadhani umewatuma."

Mama akaacha shati kwenye povu. Kanga ya njano ilikuwa yake. Aliingia ndani mikono ikichuruzika maji, akatazama ukuta ulio juu ya meza ya chakula. Msumari ulikuwepo. Picha haikuwepo.

Picha hiyo ilikuwa ya ziwa lao wenyewe, hilo la chini ya mji. Maji yametulia, milima ya ng'ambo ina rangi ya zambarau, na katikati ya matete kuna kinjia kinateremka hadi ukingoni, kizuri, majani yamelala huku na huku kana kwamba kimefagiwa. Watoto walikula wakikitazama kinjia hicho kila siku. Wale wawili wakubwa, wavulana, walimsumbua baba yao, ni wapi hapo, tupeleke. Naye akawajibu, nikipata nafasi. Na sisi wazazi, hiyo nafasi huwa tunaipata lini?

Mchoraji alikuwa nyuma ya nyumba anaosha brashi.

"Watoto wamekwenda kupatafuta pale," mkewe alimwambia. "Wamebeba na picha."

Brashi zikamtoka mkononi. Akatazama jua, nalo limeshaanza kuinama. Hakutafuta hata viatu. Wakakimbia.

Njiani mama akauliza, pumzi zikimkatika, "Baba watoto, kile kinjia kakifagia nani?"

"Unajua."

"Nataka uniambie wewe."

"Kiboko. Ndiyo njia yake ya kutoka majini kwenda malishoni. Jua likishuka, anapanda nayo."

"Na ukawachorea watoto njia bila mwenyewe?"

"Nilimchora, mama watoto. Mgongo na masikio, pale majini. Ni wewe uliyesema nimtoe. Ulisema mdogo akimwona hatakula, utakesha naye. Nikampaka bluu."

Ilikuwa kweli. Siku ile alikuwa amechoka. Alitaka mtoto ale, alale, na yeye alale. Hata maneno yake aliyakumbuka: sasa imependeza.

Walipofika, matete yalikuwa marefu kuliko mtu. Wakaita majina. Kisha wakasikia pumzi nzito, kama ya mtu anayetua gunia, na matete yakaanza kuvunjika kuja upande wao. Baba akamvuta mkewe nyuma ya shina la mti, wakalala kifudifudi. Mnyama akapita kwenye kinjia kilekile, mpana kama mlango, udongo ukitikisika chini ya matumbo yao. Mama hakufumba macho. Alikuwa anatafuta rangi ya njano.

Akaiona.

Kanga yake ilikuwa katikati ya njia, imekanyagwa hadi imezama kwenye tope. Alitambaa akaishika. Alipoivuta, aliogopa uzito wake. Ndugu zangu, mngekuwa ninyi, mngeikunjua? Yeye aliikunjua. Tope tupu.

"Mama, usikae hapo." Sauti ilitoka juu. "Anaweza kurudi."

Walikuwa juu ya mwamba, wote watatu, wamebanana kama kuku kwenye tenga. Mdogo wao wa kike, kitinda mimba, ndiye aliyeikumbatia picha.

"Nani amewapandisha huku?" baba aliuliza akipanda kuwafuata.

Mkubwa akamwonyesha mdogo wake kwa kidevu. "Sisi tulishaanza kuteremka. Huyu akakaa chini, akagoma, eti kuna kiboko. Tukamcheka. Tukamwambia, tuonyeshe kwenye picha, kiboko yuko wapi? Akakwangua."

Baba akaichukua picha. Pembeni ya maji, rangi ya bluu ilikuwa imetoka, imekwanguliwa kwa ukucha, na chini yake kulikuwa na mgongo wa kijivu na sikio moja.

"Nilikuwepo baba akimfunika," mtoto alisema. "Mimi ndiye niliyemshikia kopo. Nilijua yupo siku zote, mama. Na chakula nilikuwa nakula."

Sasa nisikilizeni. Sisi tunawapenda watoto wetu, kwa hiyo tunawachorea dunia iliyotulia. Tunamfuta mnyama, halafu njia yake tunaiacha wazi, tena tunaipamba. Yule mjomba ambaye wewe mwenyewe humwachii mtoto, umemwambia binti yako kwa nini? Au umempaka bluu, na kila sikukuu unamwambia nenda kamsalimie mjomba? Ulevi uliomzika babu yao tumeuita homa. Hapa kanisani tunawahubiria neema, na dhambi tunaiacha chini ya rangi maana inaharibu ibada. Tunasema wao ni wadogo. Ukweli ni kwamba sisi tumechoka, tunataka usiku mtulivu. Kiboko hakuondoka ziwani siku alipofutwa kwenye picha. Mungu alimwacha mtoto mmoja aone. Si kila nyumba itakuwa na huyo mmoja.

Jioni ile mama alisonga ugali, akakaanga dagaa. Picha ilirudi kwenye msumari vilevile ilivyokwanguliwa, na hakuna aliyesema itengenezwe. Alipakua, kisha kabla ya kusali akahesabu kwa macho: mkubwa, wa kati, kitinda mimba, baba yao. Akajihesabu na yeye. Sikio la kijivu likiwasikiliza kutoka ukutani, wakanawa, wakala.