Kiini Mpangaji na Kiti Kimoja

Hadithi! Mnasema njoo? Basi inakuja, ila utamu kauombeni kwa mwingine. Yangu ina watu watatu na kiti kimoja.

Alikuwapo Tumsifu, fundi wa kupanga. Mpe kumbukumbu tupu ya kompyuta, ataigawa kama shamba la urithi: programu hapa, data pale, na katikati uwanja mtupu. Chochote kikiukanyaga uwanja ule, mfumo mzima unasimama na kupiga kelele.

Alikuwapo Sikudhani, msomaji wa anwani. Kila kitu kwenye kumbukumbu kina anwani yake, namba ndefu ya kuchosha macho. Mfumo ukifa, yeye huzitazama namba hizo akakwambia nani kamkanyaga nani.

Na alikuwapo Nzowa, mhamishaji. Programu yake haikujali imewekwa wapi. Ihamishe leo, ihamishe kesho, kazi inaendelea.

Marafiki hawa wa kula sahani moja waliitwa na hospitali moja ya nyanda za juu, kule ambako Julai maji ya ndoo hushika barafu. Vitanda vya kuwapa joto watoto njiti viliendeshwa na mfumo wa zamani, na kompyuta za hospitali zilikuwa na mfumo mpya usioruhusiwa kuondolewa. Wakaandika kiini, yaani moyo wa ule mfumo wa zamani, kikae ndani ya ule mpya mkubwa kama programu ya kawaida. Kiini kwa desturi humiliki kumbukumbu yote. Hiki kilikuwa mpangaji, na mpangaji huuliza chumba kipi kiko wazi.

Hawakukifundisha kuuliza.

"Nakifungia anwani moja," alisema Tumsifu. "Kila kikiwaka kianzie hapo hapo. Ramani inapendeza."

"Fanya hivyo," Sikudhani akadakia. "Namba zikiwa zile zile nasoma upesi."

Nzowa alijua ni hatari. Lakini wiki ile walikuwa wamemcheka kwa uoga wake, naye alikuwa amenuna. "Si nyie ndio wajuzi? Haya."

Julai mfumo mkubwa ukaboreshwa. Ukaanza kutawanya vitu vyake mahali papya kila unapowashwa, ili wadukuzi wasivizoee. Asubuhi moja ukaviweka kwenye anwani ile ile ya kiini. Kiini kikaingia bila hodi, kikatandika vyake juu ya vya mwenye nyumba.

Mfumo ukachanganyikiwa, ukakanyaga uwanja mtupu wa Tumsifu, ukasimama. Ving'ora vikalia, vitanda vikazima. Bila uwanja ule vingeendelea kupasha kwa vipimo vya uongo, na watoto wangeungua bila mtu kujua.

Sista Atupele akawakimbiza watoto kwenye vifua vya mama zao. Mmoja hakuwa na kifua cha kukimbilia, maana mama yake, Sigilinda, alikuwa bado chumba cha upasuaji. Sista akamkumbatia yeye mwenyewe, huku akiwahangaikia wengine.

Sikudhani akazisoma namba, akaweka kidole penye mgongano. Mwingine angehangaika hadi jioni. Nzowa akakiandika kiini upya, kiombe nafasi kwanza na kukaa popote kitakapopewa. Kabla ya mchana vitanda vikapata joto, na watoto wakarudishwa wakiwa hai.

Isipokuwa wa Sigilinda. Yeye hakuufikia mchana huo.

Wiki kadhaa baadaye mganga mkuu, Dokta Mwalongo, akawaita watatu. "Nimepata nafasi moja ya ajira ya kudumu, ya kukilinda kiini hiki. Ni mmoja tu. Chagueni wenyewe."

Mngewaona! Marafiki wale!

"Uwanja wangu ndio uliozuia watoto wasiungue," alisema Tumsifu.

"Na ningekaa kimya mimi, ungeanza kutafuta wapi?" akasema Sikudhani.

"Kusoma si kutengeneza," akasema Nzowa. "Nani aliyewasha vitanda?"

Dokta aliwasikiliza mpaka wakaishiwa pumzi. Kisha akasema, "Neno moja nimelisahau. Atakayekaa kwenye kiti hiki ndiye atakayemjibu mama Sigilinda. Kila wiki anakuja kuuliza nini kilitokea."

Ghafla kila mmoja akawa mkarimu.

"Tumsifu ndiye mkubwa wetu," alisema Nzowa. "Anwani ile aliifunga yeye."

"Sikudhani ndiye aliyeitaka," Tumsifu akajibu.

"Nzowa alijua akanyamaza," akasema Sikudhani. "Sisi angalau hatukujua."

Wakatoka kwa milango tofauti, na hawasalimiani mpaka leo. Kiini hakina mlinzi, na Julai nyingine inakuja. Sigilinda naye amechoka kusimama mlangoni. Mara ya mwisho alipokuja alikikuta kiti kitupu, akakikalia, na hadi sasa hajainuka.

Mmoja wao lazima aingie, amwambie, "Mama, hapo ni pangu," kisha ampe jibu lake. Wote watatu waliwaokoa wale waliopona, na wote watatu walikuwamo katika kilichomuua yule mmoja.

Nani aingie? Msiangalie chini, nawauliza nyie. Je, wewe ungeamua vipi?