Kuku, Mbuzi na Vyungu vya Harusi

Upepo mmoja hauleti mvua. Vijana walimsikia shangazi yao, Subilaga, akiwaambia hivyo mafundi wawili waliokuwa wakibishana juu ya paa linalovuja, na wale mafundi wakapanda paani pamoja. Baadaye, wakipukuchua maharage naye jikoni, wakamwuliza neno hilo limetoka wapi. Subilaga akavuta ungo karibu na magoti yake, akasema lilitoka Ikombelo, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na milima, nalo lilianza hivi.

Atuganile alikuwa na mwaka mmoja tu katika nyumba ya baba mkwe wake, mzee Ambokile. Mumewe alikuwa mbali, kwenye mashamba ya chai, na mama mkwe alikwisha kufariki. Kwa watu wa huko, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani; ndiyo heshima yao. Basi nyumba ile ndefu ya mianzi ikawa mpaka. Atuganile alishinda uani mbele, akiangalia ziwa. Mzee alishinda nyuma, akiangalia milima. Palipokuwa na neno la lazima, Atuganile alimwambia kuku wake kwa sauti, na mzee alimwambia mbuzi wake, na kila aliyetakiwa kusikia alisikia.

Walipendana kwa njia hiyo. Kila asubuhi Atuganile alikuta kuni zimepasuliwa na kupangwa pembeni mwa nyumba, na huko nyuma mzee akimweleza mbuzi kwamba kuni za siku hizi zina adabu, zinajileta zenyewe.

Kazi ya Atuganile ilikuwa kufinyanga. Wifi yake, Tumpe, alikuwa anaolewa Jumamosi, na vyungu vya harusi hufinyangwa na mama wa bibi harusi. Kwa kuwa mama hayupo, Atuganile alijitwika kazi hiyo. Alifinyanga vyungu kumi na vinane, akavikausha kivulini siku kumi na mbili. Hakukuwa na muda wa kufinyanga vingine.

Jumatatu akapanga tisa, akavifunika nyasi na kuni, akawasha. Upepo wa ziwani ulikuwa ukimpuliza usoni, wa joto, wenye unyevu. Aliufahamu tangu utotoni. Kwao pwani ya ziwa ulivuma siku nzima na tone lisidondoke. Huko nyuma mzee naye alihisi upepo wa korongoni ukimshukia kifuani, wa baridi, mkavu. Aliufahamu tangu utotoni. Huo ulileta kikohozi tu. Akamwambia mbuzi kwamba leo ni siku njema ya kuchoma. Atuganile akasikia, akafurahi.

Moto ulipokolea, mvua ikamwagika. Vyungu vikapasuka kimoja baada ya kingine, kama bisi. Hakikupona hata kimoja.

Siku hiyo Atuganile hakula. Huko nyuma mzee alimwambia mbuzi mara tatu kwamba viazi vinapoa.

Jumatano akapanga tisa vilivyobaki. Akashika kijinga cha moto mkononi, lakini mkono ukakataa kushuka. Alisimama pale mpaka moshi ukamtoa machozi. Ndipo akamsikia mzee akinung'unika nyuma ya nyumba.

"Wewe mbuzi, huu upepo wa korongoni umenigandisha magoti kama ule wa juzi."

Atuganile akamtazama kuku wake aliyekuwa akichakura majivu.

"Kuku wangu, kumbe nyuma kuna baridi? Mbona huku mbele joto la ziwa linaninata mwilini? Juzi pia lilininata."

Mbuzi akaacha kutafuna.

"Mbuzi," mzee akasema polepole, "kumbe juzi pepo zilikuwa mbili, na nyumba yetu imesimama katikati. Mwambie mwenye kuku asiwashe."

Subilaga akawaeleza vijana kama naye alivyoelezwa. Upepo wa baridi ni mzito, huja chini chini, ukajipenyeza chini ya ule wa joto kama mwiko chini ya ugali. Wa joto hunyanyuliwa juu, na kule juu unyevu wake hupoa ukawa maji, kama mvuke ukigusa mfuniko. Kila mmoja peke yake hupita tu. Zikutanapo, ndipo wingu huzaliwa.

Na lilizaliwa pale pale, jeusi, juu ya paa. Atuganile akajifunika kanga usoni, akaanza kubeba vyungu kuviingiza ghalani. Mara akasikia kishindo cha miguu: mzee alikuwa anakuja uani mbele kinyumenyume, blanketi kichwani, akipapasa. Wakabeba hivyo, huyu haoni, yule hatazami. Mlangoni migongo yao ikagongana.

"Kuku, nisamehe," akasema Atuganile.

"Mbuzi hana kinyongo," akajibu mzee.

Mvua ikapiga mpaka jua likazama. Vyungu vyote tisa vilikuwa vikavu.

Alhamisi asubuhi kuku akaulizwa kama joto la ziwa lipo, akasema lipo. Mbuzi akaulizwa baridi ya korongoni, akasema leo hakuna. Atuganile akawasha, na kufikia jioni vyungu vilikuwa vyekundu, ukivigonga vinalia kama kengele. Jumamosi vikachukuliwa vyote tisa, na wakwe wa Tumpe waliposifu mikono ya nyumba ile, mzee akawajibu kwa maneno yale manne ya upepo, asiongeze.

Mwezi uliofuata alitoboa tundu kwenye kuta zote mbili, kutoka uani mbele hadi nyuma, dogo, la kupitisha sauti na upepo, lisilopitisha jicho. Wanakijiji wakaliita dirisha la kuku.

Kijana mmoja akauliza shangazi ameyajuaje yote hayo. Subilaga akapepeta ungo, maganda yakaruka. Akasema yeye ni mtoto wa kwanza wa Atuganile, na kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa kukaa kwenye tundu lile na kuambiwa maneno, akimrithi kuku.

Upepo mmoja hauleti mvua.