Doa la Hina kwenye Kofia ya Kuazima

Kabla sijasema neno, kila aliyevaa kofia aivue kidogo, aigeuze, autazame ule ukanda wa ndani unaogusa paji la uso. Tazama vizuri, usimwonyeshe mwenzako. Haya, vaeni. Nawaona mnacheka, na anayecheka zaidi ndiye aliyeirudisha kichwani haraka. Leo nazungumza nanyi habari ya kufua kofia, na naomba mnisikilize mpaka mwisho, maana kuna jambo hapa ambalo sitaki mtu aondoke nalo akalilaze nyumbani.

Palikuwa na ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Majina msiniulize, mkiyajua mtaacha kusikiliza mfano mtaanza kusengenya. Yule mkubwa alikuwa na kofia ya mkono, ya viua, ile yenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Aliishona mama yao, ikawa kofia ya mwisho kabla macho hayajamwishia, na sasa mama mwenyewe yuko kaburini. Kofia ile haikuvaliwa ovyo. Ilitoka sikukuu mbili kwa mwaka, basi. Na kuifua hakumwachia mkewe wala binti yake. Aliiroweka mwenyewe kwenye maji ya vuguvugu, akaipitishia mswaki laini, akaitia kanji, ule wanga wa kuikaza, akaivika kwenye faroma, kile kibao cha mviringo kinachoizuia isinywee, kisha akaianika kivulini na kukaa palepale kuwafukuza kunguru.

Mdogo mtu alikuwa mgane, amefiwa na mke miaka mingi, umri hamsini na kitu, akajaliwa kupata mchumba. Alikuwa hana mtu mwingine wa damu yake duniani isipokuwa kaka huyu, aliyemlea tangu baba yao alipofariki. Wiki ya nikaha akamwendea.

"Kaka, niazime kofia ya mama niolee."

Mkubwa akaingia ndani, akatoka nayo. "Chukua. Ila nakuona umeanza kupaka hina hizo mvi. Uoshe kichwa, kikauke kabisa, ndipo uivae."

"Kaka, mimi si mtoto."

Mtu akikwambia yeye si mtoto, jiandae. Asubuhi ya nikaha bwana harusi akajitazama kwenye kioo akaona mvi mbili tatu zimesalia. Akaongeza hina. Saa zikamkimbia, akaosha harakaharaka, akaikandamiza kofia juu ya kichwa kibichi, huyo akaenda kuoa. Na jasho la bwana harusi mnalijua. Aliporudi nyumbani na kuivua, ukanda wote wa mbele ulikuwa rangi ya chungwa, na hina imepenya mpaka nje, imeingia kwenye viua alivyovishona mama yake.

Sasa nawauliza nyinyi, afanyeje? Nyumba ya kaka yake iko mtaa uleule. Maneno yenyewe ni machache: kaka, nimeiharibu, nisamehe. Maneno hayo yanataka maji ya moto? Yanataka sabuni? Hayataki chochote. Lakini yule bwana aliona heri afue.

Na nisimdhulumu, alifua kwelikweli. Alikuwa na nia ambayo wengi wetu hatuna hata kwenye sala zetu. Sabuni ya mche haikufua dafu, akaleta ndimu na chumvi. Akasugua kiua kimoja kimoja kwa ncha ya mswaki, polepole, uzi usikatike. Akaianika juani, akaisuuza, akaiangalia, akaanza upya. Dawa kali ya kutoa madoa hakuigusa, alijua itakula uzi. Vidole vikamchubuka kwa ndimu. Kila siku doa lilipungua kidogo, na kila siku alijiambia kesho litaisha.

Bi harusi, mgeni wa nyumba ile, alimtazama siku ya nne akashindwa kuvumilia. "Mume wangu, kwa nini usiende tu ukamwambia kaka yako?"

"Nitamwambia likishatoka."

"Likishatoka utamwambia nini?"

Akachukua ndimu nyingine.

Wakati huohuo mkubwa mtu alikuwa akiuliza, kwa upole, kama mtu anayemfungulia mwenzake njia. Walipokutana baada ya sala akasema, "Ile kofia vipi, ndugu yangu, ilikukaa vizuri?" Mdogo akajibu, "Ilinikaa kaka, sijaileta kwa sababu nataka niitie kanji kwanza." Uongo wa kwanza. Wiki ya pili akaulizwa tena, akasema kanji imechelewa kukauka, hali ya hewa mbaya. Jua lilikuwa linachoma mpaka mabati yanalia. Uongo wa pili. Wiki ya tatu akaona aibu kusimama safu moja na kaka yake, akawa anasali nyumbani peke yake. Mnaona mambo hayo? Kofia ya kuvaliwa msikitini imemtoa mtu msikitini.

Siku ya ishirini na moja doa likatoka. Lote. Akaipeleka mpaka dirishani, akaigeuza ndani nje, nyeupe. Akaitia kanji, akaivika faroma, ikasimama kama jana imetoka mikononi mwa mama. Akavaa kanzu safi, akaenda kwa kaka yake na furaha yake yote.

"Shikamoo kaka. Amana yako hii."

"Marahaba." Mkubwa akaipokea, akaigeuza, akautazama ule ukanda wa ndani. "Limetoka."

Mdogo akashtuka. "Nini kimetoka, kaka?"

"Hina. Mimi siku ya nikaha nilikaa ubavuni pako. Niliiona ikishuka kabla shekhe hajamaliza hotuba."

Yule bwana akawa hana pa kuuweka uso.

Mkubwa akasema, na sauti hakuipandisha: "Siku ile jioni nilimwambia shemeji yako asifunge mlango, utakuja. Kesho yake nikamwambia vilevile. Ungeniletea na doa lake, ungekuwa umeniletea kofia yangu na ndugu yangu pamoja. Leo umeniletea kofia nyeupe na uongo wa siku ishirini na moja. Kofia umeijua inavyofuliwa. Huo uongo utaufua na nini?"

Mtaniuliza, mdogo akajibu nini. Siwaambii. Jibu lile limo vinywani mwetu, na tumelikalia.

Kwani sisi tunafanya nini kila siku? Baba amempiga mtoto kwa kosa asilolifanya, amekuja kujua ukweli, jioni anamnunulia viatu. Neno nisamehe mwanangu halimtoki, anaona litampunguzia ubaba. Mume amemtukana mkewe mchana mbele ya wageni, usiku anaingia na samaki mkubwa mkononi, anadhani yule mama hajui maana ya samaki yule. Mwingine amemchafulia jirani jina mtaa mzima, kisha analeta mikeka mipya msikitini na kuketi safu ya mbele. Tunafua, ndugu zangu. Tunasugua mpaka vidole vinachubuka. Tunafunga sunna, tunatoa sadaka, tunalia kwenye sijda, na yule tuliyemkosea yupo mtaa uleule, mlango hajaufunga, anatusubiri.

Lililo baina yako na Mola wako, inua mikono hapo ulipo, Yeye ni Mwingi wa kusamehe. Lakini haki ya mja humalizani nayo kwenye mswala. Hiyo unaifuata kwa miguu yako mpaka kwa mwenyewe, ukiwa na doa lako hivyohivyo, unabisha hodi, unasema nimekosa. Akikusamehe, umepona. Akikufukuza, umefanya lililokupasa, na kesho unarudi tena.

Na asitoke mtu hapa akasema shekhe leo amewapiga wengine. Mimi ninayesema nina mtu niliyemkosea tangu mwezi wa Rajabu. Nimemsalimia kwa uchangamfu, nimemtembelea alipougua, nimemwombea dua kwa jina lake, na neno lenyewe sijamwambia. Yuko nyuma ya soko, nyumba yenye mlango wa kijani. Darsa yetu imeishia hapa, mwenye swali aniwekee kesho. Naenda sasa hivi, kabla ya Magharibi, na atakayenikuta njiani asinisimamishe.